Joshua Lionel Cowen: Mtu Aliyetaka Kila Treni Isikie Amri Yake

Hapa Kator, katika viunga vya Juba, mtoto akipata waya na makopo matupu hujitengenezea gari. Nyuma ya gari hilo husimama waya mrefu wenye usukani, naye mtoto hutembea akiushika. Akiuzungusha, magurudumu ya mbele hugeuka. Mara nyingi gari hilo huwa ni lori, si garimoshi, na sababu yake ni wazi, kwani lori ndilo analoliona. Reli ya kutoka kaskazini ilifika Wau mwaka 1962 ikakomea hapo. Ile ya kutoka kusini ilifika Gulu na Pakwach katika miaka hiyo hiyo ya 1960, nayo haikuvuka mpaka. Juba ikabaki katikati, ikitegemea mto na barabara.

Hata hivyo, ule waya mrefu wa mtoto wa Kator una swali ndani yake ambalo limewasumbua mafundi wengi wa nchi za mbali: je, chombo kinaweza kuongozwa bila kuguswa? Na kama vyombo ni vingi katika njia moja, amri ya kimoja itakifikiaje hicho kimoja tu, bila kuvishtua vingine? Leo twawaletea wasomaji wetu, hususan ndugu zetu wa jeshi na polisi, maisha ya mtu aliyelikabili swali hilo kwa karibu miaka sitini, akalijibu nusu, na nusu ya pili ikajibiwa baada yake. Huyo ni hayati Joshua Lionel Cowen, Mmarekani aliyetengeneza treni ndogo za umeme za kuchezea ambazo jina lake la katikati, Lionel, limebaki juu yake hata leo.

Bwana Cowen alizaliwa tarehe 25 Agosti 1877 katika jiji la New York. Wazazi wake walikuwa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Ulaya, na nyumbani walikuwa watoto wengi. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka saba alichonga kichwa cha treni kwa mti, akatia ndani yake mtambo mdogo wa mvuke, nao ukapasuka na kuharibu jiko la mama yake. Alijiunga na chuo lakini hakudumu darasani. Mikono yake ilipenda kazi kuliko vitabu, akaingia katika viwanda vilivyoshughulika na taa na umeme, ambao siku hizo ulikuwa bado ni jambo geni katika nyumba za watu.

Mwaka 1899 alipata hataza ya kifaa cha kuwashia unga wa mwanga uliotumiwa na wapiga picha. Betri ilipasha moto waya mwembamba, na waya ukauwasha unga. Jeshi la Majini la Marekani likaona kwamba kitu kinachoweza kuwasha unga wa mpiga picha kinaweza kuwasha baruti pia, likampa kandarasi ya kutengeneza viwashio vya mabomu ya kutegwa baharini, idadi yake 24,000. Basi fedha za kwanza za mtu huyu, ambaye baadaye alijulikana kwa kuwafurahisha watoto, zilitoka katika zana za vita. Twalitaja hili kwa sababu katika maisha yake yote vita na mchezo vilikopeshana ufundi.

Mwaka 1900, pamoja na mwenzake Harry Grant, alianzisha kampuni ya Lionel. Alikuwa na mota ndogo aliyoikusudia kwa feni. Feni hiyo ilizunguka vizuri lakini haikutoa upepo wa kutosha kumburudisha mtu. Mwaka 1901 aliichukua mota ya aina hiyo, akaifunga chini ya kigari cha mbao kilicho wazi, akakiweka juu ya reli za shaba. Nia yake haikuwa kuuza mchezo. Alitaka kigari hicho kizunguke katika dirisha la duka na kuwavuta wapita njia wakaone bidhaa nyingine. Wapita njia walivutwa kweli, lakini walichotaka kununua ni kigari chenyewe. Hapo ndipo Bwana Cowen alipoijua biashara yake.

Mwaka 1906 alileta njia ya reli tatu. Reli ya katikati ilileta umeme, na zile mbili za kando ziliurudisha. Alileta pia transfoma, ili nyumba zilizokwisha kupata umeme ziachane na betri. Kwa mpango huo mtu aliweza kukaa kando, akasogeza mkono mmoja, na treni ikaongeza au ikapunguza mwendo. Watu wengi waliuona huo kuwa ni mwisho wa ufundi, kumbe ulikuwa mwanzo wa taabu.

Hebu tuifikirie taabu hiyo kwa namna ambayo askari ataielewa mara moja. Umeme uliokuwa relini ndio uliokuwa amri. Ukiongezwa, kila treni iliyokuwa juu ya njia hiyo ilikwenda mbio. Ukikatwa, zote zilisimama. Ilikuwa kama kamanda mwenye kipaza sauti mbele ya vikosi vitano, asiye na jina la hata kikosi kimoja. Akisema twende, wote huenda. Akisema simama, wote husimama. Aliyetaka kuendesha treni mbili kwa mwendo tofauti ilimlazimu aikate njia vipande vipande, kila kipande na swichi yake, kisha akimbie kutoka swichi hadi swichi. Kwa kweli hakuiongoza treni; aliiongoza njia.

Bwana Cowen na mafundi wake walijaribu kuipunguza taabu hiyo hatua kwa hatua. Mwaka 1928 kampuni ya Ives, iliyokuwa mshindani wake mkubwa, ilifilisika. Lionel ikashiriki kuinunua, na pamoja nayo ikapata ufundi wa kubadili mwelekeo wa treni kwa mbali. Umeme ulikatwa kidogo na kurudishwa, na treni iliyokuwa ikienda mbele ikasimama; ulipokatwa tena, ikarudi nyuma. Mwaka 1935 ikafuata filimbi. Mota iliendeshwa na umeme wa mkondo geu. Mtu alipobonyeza kitufe, umeme kidogo wa mkondo mnyoofu uliongezwa humo, na swichi iliyofichwa katika behewa la makaa ikautambua na kuiwasha filimbi. Kwa njia hiyo waya zile zile zilizobeba nguvu zilianza kubeba na habari. Huo ni ufundi wa mawasiliano hasa, ingawa ulivaa nguo ya mchezo.

Maendeleo hayo hayakupatikana katika raha. Mdororo mkubwa wa uchumi uliikumba Marekani, na mwaka 1934 kampuni ya Lionel iliwekwa chini ya usimamizi wa mahakama kwa sababu ya madeni. Miongoni mwa vitu vilivyoiokoa ni kigari kidogo cha bei ya dola moja, chenye sanamu za panya Mickey na Minnie wakisukuma mpini juu na chini. Kiliuzwa kwa wingi mno, na mapema mwaka 1935 kampuni ikatoka katika usimamizi huo. Kigari hicho hakikuwa na ufundi wowote mpya. Kiliokoa kwa sababu baba mwenye mshahara mdogo aliweza kukinunua. Msomaji alishike jambo hilo, kwa maana litarudi mbele yetu.

Ilipofika mwaka 1942 serikali ya Marekani ilizuia madini yasitumiwe kwa michezo, na treni zikakoma kutengenezwa. Kiwanda kikageuzwa kufanya dira na vyombo vingine vya jeshi la majini, kama kilivyokuwa kimetengeneza vyombo vya jeshi katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka 1943 watoto waliuziwa treni ya karatasi ngumu, ya kukunja na kuunganisha wenyewe, na wazazi wengi walishindwa kuiunganisha.

Vita vilipokwisha, ufundi wa redio ulikuwa umepiga hatua kubwa. Mwaka 1946 Lionel ikatoa seti ambayo mafundi wa leo bado huitazama kwa mshangao. Mtumiaji alipewa mtambo mdogo wa kurushia mawimbi wenye vitufe kumi vya rangi mbalimbali. Mawimbi yalipita katika reli zile zile. Ndani ya behewa la makaa, na ndani ya kila behewa jingine, mlikuwa na kipokezi kilichotegwa kwa mawimbi yake peke yake. Kitufe kimoja kilipobonyezwa, behewa moja tu lilijifungua kutoka kwa wenzake, na mengine yakatulia kana kwamba hayakusikia kitu. Yule kamanda wa kipaza sauti sasa alikuwa na majina ya kuita. Kila askari aliyepata kushika redio anaujua utaratibu huu: wote husikia katika wimbi moja, lakini hujibu yule aliyeitwa kwa jina lake la mwito.

Lakini seti hiyo iliuzwa kwa dola 75, bei iliyokuwa nje ya uwezo wa nyumba nyingi za wakati huo. Vipokezi vyake vilihitaji kutegwa kwa uangalifu, na mtu wa kawaida hakuwa na ujuzi huo wala hakuwa na wa kumfundisha. Baada ya mwaka 1949 ikaondolewa. Wazo lilikuwa sahihi. Lililokosekana ni bei ya kufikiwa na mikono iliyofundishwa. Twaona hapa kwamba yule aliyeokolewa na kigari cha dola moja alisahau, kwa muda, kilichomwokoa.

Miaka ya mwanzo ya 1950 ilikuwa ya neema kubwa, na Lionel ikahesabiwa kuwa miongoni mwa watengenezaji wakuu wa michezo duniani. Hata hivyo, mtu aliyekuwa mwepesi wa kupokea ya redio alikuwa mgumu katika jambo jingine. Washindani wake, kampuni ya American Flyer, walihamia reli mbili tangu mwaka 1946 ili njia ifanane na reli ya kweli. Yeye alibaki na zile tatu za mwaka 1906. Wapenzi wa treni walianza kutaka treni ndogo zaidi zenye kutosha mezani. Kampuni yake ilichelewa hadi mwaka 1957. Wakati huo televisheni, ndege na magari vilikuwa vimezichukua nyoyo za watoto. Mwaka 1959 mzee aliuza hisa zake, akatoka katika kampuni aliyoijenga tangu ujana. Alifariki tarehe 8 Septemba 1965 huko Florida, akiwa na umri wa miaka 88. Miaka minne baadaye haki ya kuzitengeneza treni za Lionel ilikodishwa kwa kampuni ya vyakula.

Lakini lile swali halikufa naye. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Lenz ya Ujerumani ilibuni utaratibu ambamo umeme hukaa relini wakati wote, na amri hupita ndani yake kwa tarakimu. Kila kichwa cha treni hupewa namba, na kijisanduku kidogo cha elektroniki kilichomo ndani yake hutii amri yenye namba hiyo tu. Katika miaka ya 1990 chama cha wapenzi wa treni ndogo cha Marekani kikaufanya utaratibu huo kuwa kanuni, ili chombo cha mtengenezaji mmoja kisikilizane na cha mwingine. Siku hizi wako wanaoendesha treni zao kwa simu ya mkononi.

Wazee wa mchezo huo hawakupokea mara moja. Wengine walikuwa na vichwa vya treni vya miaka thelathini, walivyovikarabati kwa mikono yao, wakaona kwamba wanaambiwa vyote ni vyuma chakavu. Haikuwa hivyo. Fundi aliweza kukifungua kichwa cha zamani, akaitenga mota yake na reli, akatia kijisanduku kati yake, akakipa namba. Mzee aliyejifunza kazi hiyo aliendelea na treni yake ile ile, na aliyekataa kujifunza alibaki na swichi zake. Si umri uliowatenganisha.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 mwanamuziki Neil Young alishirikiana na kampuni ya Lionel kutengeneza mtambo mpya wa kuongozea treni kwa mbali. Alikuwa na mtoto mwenye ulemavu mkubwa wa viungo, asiyeweza kugeuza swichi ndogo. Baba alitaka kitufe kikubwa ambacho mtoto angeweza kukibonyeza mwenyewe, na treni ikamsikia. Lile wazo la mwaka 1946, lililowashinda watu wenye mikono mizima, likamfaa mtoto huyo, kwa sababu safari hii chombo kilitengenezwa kwa kumfuata mtumiaji.

Ndugu zetu askari, vituoni mwenu huletwa mitambo mipya, na iko itakayoletwa kesho. Maisha ya Bwana Cowen hayatuambii kwamba kila kipya ni bora, wala kwamba cha zamani kisiguswe. Yatuambia tu kwamba chombo kinachotumwa bila mafunzo hukaa kabatini, hata kama kilibuniwa na mabingwa, na kwamba amri ina maana pale tu aliyeitwa anapolijua jina lake. Mtoto wa Kator mwenye waya mrefu analijua hilo tayari: alitengeneza usukani wake kwa kipimo cha mkono wake.