Siri ya Roger Casement

Hivi majuzi, katika soko la Ogwedhi, nilikutana na mwalimu niliyepata kumfundisha isimu. Alikuwa mpita njia kama mimi; shule yake iko mbali na pale. Tulipokwisha kunywa chai, aliniuliza kwa sauti ya chini kama yampasa kuwaambia wenzake kazini kwamba yeye huvutiwa na wanaume. Sikuwa na jibu. Nilimsimulia maisha ya Roger Casement, nami nayarudia hapa.

Casement alizaliwa karibu na Dublin mwaka 1864, akaja Kongo angali kijana. Baadaye akawa balozi mdogo wa Uingereza huko, na mwaka 1903 alisafiri ndani ya nchi akiwahoji wanavijiji waliokatwa mikono, na waliopigwa na kufungwa kwa ajili ya mpira. Ripoti yake, iliyochapishwa mwaka 1904, ilichangia kumnyang'anya Mfalme Leopold koloni lake mwaka 1908. Mwaka 1911 alipewa cheo cha heshima.

Lakini mtumishi huyo hodari alikuwa na siri. Aliwapenda wanaume, na sheria ya Uingereza ilimtia jela mtu wa namna hiyo. Mwaka uleule wa 1903, Jenerali Hector Macdonald alijiua baada ya kutuhumiwa jambo hilohilo, naye Casement aliandika masikitiko yake katika shajara. Hakuwa na mwingine wa kumwambia ila karatasi.

Karatasi ndiyo iliyomgeuka. Mwaka 1916 alikamatwa kwa kutafuta silaha Ujerumani ili Ireland ijikomboe. Alipohukumiwa kifo, wakubwa wa serikali aliyoitumikia walizipitisha kurasa za shajara kwa siri miongoni mwa waandishi na watu mashuhuri, ili maombi ya kumwokoa yafifie. Alinyongwa tarehe 3 Agosti 1916. Wapo walioshikilia kwamba shajara zilighushiwa. Uchunguzi wa mwandiko wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa ni zake.

Je, hadithi hii yamfundisha mwalimu wangu aseme? La, si wepesi hivyo. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007 yakataza ubaguzi wa rangi, jinsia, dini na mengineyo, lakini mwelekeo wa kimapenzi haikuutaja. Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Waingereza ingali yaadhibu tendo lenyewe, na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu hivyo tarehe 24 Mei 2019. Anayesema aweza kupoteza mkate. Anayenyamaza humwachia mwingine silaha. Nilimshauri jambo moja tu: asiharakishwe na mtu, na akisema, aanze na mmoja aliyekwisha kumpima.

Mzigo uliobaki ni wetu sisi tunaokaa naye katika chumba cha walimu. Shajara zilipofunguliwa, mikono iliyokatwa Kongo haikurudi mahali pake. Ripoti ilibaki kweli tupu. Basi na mwalimu apimwe kwa somo lake.