Padre Camille Bulcke na Kamusi ya Wanafunzi wa Kiingereza katika India

Mwalimu anayefundisha msamiati wa Kiingereza wa ngazi ya juu hukabiliwa na swali moja gumu. Je, lugha ya mwanafunzi iachwe nje ya mlango wa darasa, ama iingie pamoja naye? Kwa wanafunzi wa India wasemao Kihindi, jibu lililodumu lilitolewa na mtu ambaye hakuzaliwa katika Kiingereza wala katika Kihindi.

Camille Bulcke alizaliwa tarehe 1 Septemba 1909 katika kijiji cha Ramskapelle, nchini Ubelgiji. Wazazi wake walikuwa Waflemi. Siku zile Kifaransa ndicho kilichokuwa lugha ya wakubwa na ya elimu ya juu, na Kiflemi kilidharauliwa kuwa lugha ya wakulima. Alipokuwa akisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Louvain, kijana huyo alijiunga na wenzake waliopigania heshima ya lugha yao. Mwaka 1930 aliingia katika shirika la Wajesuiti, na mwaka 1935 akafika India.

Huko aliyakuta yale yale aliyoyaacha kwao. Watu waliosoma walijivunia Kiingereza na kuionea haya lugha waliyonyonya kwa mama zao. Yeye aliyekuja kufundisha akajifanya mwanafunzi. Alifundisha hisabati katika mji wa Gumla, na huku akijifunza Kihindi kwa bidii. Alipata upadre mwaka 1941, akasoma Kisanskriti katika Chuo Kikuu cha Calcutta, kisha akaenda Allahabad kufanya utafiti juu ya chimbuko na maendeleo ya hadithi ya Rama.

Hapo Allahabad ndipo msimamo wake ulipojaribiwa. Kanuni ilidai kwamba tasnifu, hata ile ya idara ya Kihindi, iandikwe kwa Kiingereza. Bulcke alikataa. Mkuu wa chuo, Amarnath Jha, alikubali kanuni ibadilishwe, na kazi hiyo ikaandikwa kwa Kihindi na kuchapishwa mwaka 1950. Wanafunzi wangapi, wenyeji wa lugha hiyo, walikuwa wameitii kanuni ile bila kuuliza!

Tangu hapo makao yake yalikuwa Ranchi, alikoongoza idara ya Kihindi na Kisanskriti katika Chuo cha Mt. Xavier. Mwaka 1951 alichukua uraia wa India. Alizoea kukifananisha Kisanskriti na malkia, Kihindi na bibi mwenye nyumba, na Kiingereza na mtumishi. Yafaa tukumbuke jambo hilo, kwa maana ni mtu huyo huyo aliyetoa faharasa ya istilahi za Kiingereza na Kihindi mwaka 1955, na mwaka 1968 akatoa *Angrezi-Hindi Kosh*, kamusi ambayo wanafunzi wengi wa Kiingereza wa kaskazini ya India wamekulia mikononi mwake. Hakuona mgongano wowote. Asiye na maneno ya kutosha katika lugha yake hana mahali pa kuyaweka maneno ya kigeni.

Mwalimu ataona faida ya kazi hiyo akitazama neno moja tu, kama ‘charge’. Mwanafunzi aliyekariri kwamba maana yake ni bei, atakwama atakapolikuta katika habari za mahakama, za vita au za umeme. Kihindi kina neno tofauti kwa kila moja: *dam* ni bei, *arop* ni shtaka, *dhava* ni shambulio, *avesh* ni chaji ya umeme. Kamusi inayozitenganisha maana kwa namna hiyo humfundisha msomaji kuuliza kwanza neno limetumika wapi. Mara nyingine ugumu hugeuka upande wa pili. Kiingereza hutosheka na ‘uncle’, lakini Mhindi hana budi kuchagua kati ya *tau*, *chacha*, *mama*, *phupha* na *mausa*, kwa kadiri ya ukoo. (Sisi wenye mjomba, baba mkubwa na baba mdogo hatuwezi kumcheka.)

Bulcke aliandika pia matamshi ya maneno ya Kiingereza kwa herufi za Devanagari, ambazo msomaji amezijua tangu utoto. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa mzito wa kusikia. Hata hivyo kamusi haimalizi kazi ya mwalimu: mwanafunzi aweza kujua visawe vyote vya neno na bado asijue linaandamana na maneno gani katika sentensi. Hilo hupatikana kwa kusoma, na nyumba yake pale Ranchi ilijaa vitabu ambavyo wanafunzi walikuja kuviazima.

Serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Bhushan mwaka 1974. Kamusi yake hakuiacha. Aliendelea kuisahihisha na kuiongezea maneno hadi uzeeni, huku akiitafsiri Biblia kwa Kihindi. Alifariki Delhi tarehe 17 Agosti 1982, kwa ugonjwa wa kuoza mguu, kabla hajaimaliza tafsiri ya Agano la Kale. Alizikwa huko huko, na mwaka 2018 mabaki yake yalihamishiwa Ranchi, katika uwanja wa chuo alichofundisha.