Du Bois na Harusi ya Bintiye

Wapo wanaocheka wakiona tangazo la ndoa gazetini limetaja chama cha udugu cha chuoni. Mimi sicheki, nikimkumbuka W.E.B. Du Bois. Mzee huyu alizaliwa Massachusetts mwaka 1868, na mwaka 1895 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari Harvard. Alikuwa mwanachama wa Alpha Phi Alpha, chama kilichoasisiwa na wanafunzi Weusi saba huko Cornell mwaka 1906. Kwa watu waliobaguliwa, jina hilo gazetini lilitangaza kisomo na heshima. Mwaka 1928 bintiye, Yolande, aliolewa Harlem na mshairi Countee Cullen, wa chama hicho hicho. Du Bois mwenyewe aliisimulia harusi katika The Crisis, jarida alilolihariri. Fahari ile haikuilinda ndoa, ilivunjika 1930. Mzee alifariki Accra mwaka 1963.