Jan Amos Comenius: Mwalimu Aliyeutia Ulimwengu Kitabuni

Nilipokuwa katika mazoezi ya ualimu, nilipewa darasa la kidato cha kwanza katika shule moja ya nyanda za juu, mbali mno na bahari. Mada ya juma hilo ilikuwa msamiati wa vyombo vya majini. Niliandika ubaoni: ngalawa, mashua, jahazi, tanga, mlingoti, foromali. Wanafunzi walinakili yote kwa hati nzuri. Kipindi kilipokaribia kwisha, kijana mmoja wa safu ya nyuma akaniuliza, kwa adabu zote, iwapo foromali huliwa ikiwa mbichi ama hupikwa kwanza. Darasa halikucheka, na hapo ndipo nilipong'amua kwamba hakuna aliyejua zaidi yake. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimewapa maneno bila vitu.

Kosa hilo lina historia ndefu, na mtu aliyepambana nalo kwa bidii kuliko wengi ni Jan Amos Komenský, ambaye wasomi humwita kwa jina lake la Kilatini, Comenius. Wanafunzi wa taaluma ya elimu hukutana na jina hili katika mihadhara ya mwaka wa kwanza, wakalisahau baada ya mtihani. Maisha yake yanastahili kusomwa na sisi wa lugha pia, kwani kabla ya yote alikuwa mwalimu wa lugha.

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1592 huko Moravia, eneo ambalo leo limo katika Jamhuri ya Cheki. Jamaa zake walikuwa waumini wa kanisa dogo la Kiprotestanti lililoitwa Umoja wa Ndugu. Alipofika umri wa miaka kumi na miwili hivi, wazazi wake wote wawili walikuwa wamekwisha kufariki, naye akalelewa na shangazi. Kwa sababu ya uyatima huo alichelewa shule. Alikuwa na miaka kumi na sita alipoingia shule ya Kilatini ya Přerov, na kuchelewa huko kulimfaa kwa namna moja: aliyaona kwa macho ya mtu mzima mambo ambayo watoto wenzake waliyavumilia tu. Aliona wavulana wakikaririshwa kanuni za sarufi za lugha wasiyoielewa kwa kutumia lugha hiyohiyo wasiyoielewa, na asiyekariri akachapwa. Maisha yake yote hakuisamehe elimu ya namna ile.

Mwaka 1611 alikwenda kusoma Herborn, kisha Heidelberg, katika nchi za Wajerumani. Akiwa huko alianza kazi mbili zilizoelekeana kinyume. Moja ilikuwa kukusanya maarifa ya ulimwengu mzima katika ensaiklopidia. Ya pili ilikuwa kamusi ya lugha ya mama, Kicheki, ambayo wakati huo wengi waliiona kuwa lugha ya mashambani isiyoweza kubeba taaluma. (Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa madai ya aina hii.) Kabla ya kurejea kwao mwaka 1614, alinunua muswada wa mkono wa Copernicus mwenyewe, ule unaoeleza kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua. Fedha zikamwishia, akarudi nyumbani kwa miguu.

Akafundisha Přerov, akatawazwa kuwa kasisi mwaka 1616, na mwaka 1618 akapelekwa mji wa Fulnek kuongoza kanisa na shule. Mwaka huohuo Vita vya Miaka Thelathini vilianza. Waprotestanti wa Bohemia walishindwa mwaka 1620, na mwaka uliofuata askari wakaupora mji wa Fulnek. Comenius alikimbia na kuishi mafichoni. Mwaka 1622 mkewe na watoto wao wawili wadogo walikufa kwa tauni. Mwaka 1623 vitabu vyake vilichomwa moto hadharani mjini.

Mtu huyo aliyenyang'anywa kila kitu aliandika mwaka 1623, kwa Kicheki, masimulizi yanayohesabiwa miongoni mwa kazi kuu za fasihi ya lugha hiyo. Ni safari ya kijana anayetaka kuchagua kazi ya kufanya maishani. Ulimwengu umesawiriwa kama mji wenye mitaa ya mafundi, wanazuoni, askari na watawala, na kijana amevishwa miwani ya udanganyifu inayomwonyesha kila kitu kuwa kizuri. Anapochungulia kando ya miwani huona uchafu, ugomvi na kifo, hadi anaupa mji mgongo na kurudi ndani ya moyo wake. Ninaomba msomaji aukumbuke mji huo na mitaa yake, kwa maana tutaurudia.

Mwaka 1628 amri ya kuwafukuza Waprotestanti ilimvusha mpaka hadi Leszno, Poland. Hakuiona tena nchi yake. Akiwa mkimbizi alishika chaki, na mwaka 1631 akatoa kitabu cha kufundishia Kilatini kiitwacho Mlango wa Lugha Uliofunguliwa. Jina na wazo la msingi aliyapata kwa Wajesuiti wa Ayalandi waliofundisha Salamanca, nchini Uhispania. Lakini sentensi za wenzake zilikuwa zimetupwatupwa bila mpango. Yeye alizipanga sentensi elfu moja, zenye maneno yapata elfu nane, katika sura mia moja zinazofuata mpangilio wa ulimwengu wenyewe: moto, maji, mimea, wanyama, mwili wa binadamu, kazi za mikono, nyumba, dola, maadili. Mwanafunzi hakujifunza Kilatini peke yake. Alijifunza pia mambo ambayo Kilatini kinayataja. Kitabu kilienea kwa kasi ya ajabu, kikafasiriwa katika lugha nyingi za Ulaya na baadhi za Asia.

Wakati huohuo aliandika, kwanza kwa Kicheki, nadharia yake kuu ya ufundishaji. Humo alidai kwamba watoto wote, wa kike kwa wa kiume, wa tajiri kwa wa maskini, wasome miaka sita ya mwanzo kwa lugha ya mama kabla ya kuguswa na lugha ya kigeni. Hoja hiyo ina umri wa karibu miaka mia nne, na bado inazua ubishi katika kumbi zetu za mihadhara.

Umaarufu ulimtembeza. Mwaka 1641 alialikwa London kusaidia kuirekebisha elimu, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaufuta mpango. Uswidi ikamwajiri kuandika vitabu vya kiada. Aliifanya kazi hiyo akitumaini kwamba Waswidi, wakishinda, wangewarejesha wakimbizi kwao. Mkataba wa amani wa mwaka 1648 uliwasahau. Kanisa lake lilikuwa limemfanya askofu, askofu wa watu wasio na nchi.

Kilele cha kazi yake, kwa maoni yangu, kilikuja Sárospatak, Hungaria, alikofundisha kati ya mwaka 1650 na 1654. Huko aligundua kwamba hata ule Mlango ulikuwa mzito kwa anayeanza. Alijaribu njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuigeuza sura ya kitabu kuwa mchezo wa kuigiza, wanafunzi wakapanda jukwaani wakiwa wakulima, mafundi na waganga, kila mmoja akieleza na kuonyesha kazi yake. Ya pili ilikuwa picha. Sárospatak hakukuwa na fundi wa kuchonga michoro kwenye mbao, kwa hiyo muswada ulipelekwa Nuremberg, na kitabu kikatoka mwaka 1658 kwa Kilatini na Kijerumani. Tukiite Ulimwengu katika Picha.

Kinafunguka kwa mwalimu na mtoto wakizungumza. Kisha alfabeti, ambapo kila herufi inaandamana na mnyama au kitu na mlio wake. Halafu sura mia moja na hamsini, kila moja ikiwa na mchoro ambao vitu vyake vimetiwa nambari, na nambari hizohizo zinarudi ndani ya sentensi. Mtoto husoma kwamba mwokaji anachekecha unga, anaukanda, anaiingiza mikate tanurini. Na kwa kila neno jicho lake lina mahali pa kwenda. Comenius alishauri pia kwamba watoto waruhusiwe kuichora wenyewe michoro ile, na kwamba vitu halisi viwekwe shuleni ili vionyeshwe pale picha inaposhindwa.

Sasa tuurudie ule mji. Mafundi, wanazuoni, askari, watawala: wote waliodhihakiwa mwaka 1623 wamo humu, mtaa kwa mtaa, lakini miwani haipo na dhihaka haipo. Kuna sura juu ya mji uliozingirwa na maadui, imeandikwa kwa utulivu na mtu ambaye mji wake uliporwa. Zipo sura juu ya dini za wapagani, Wayahudi, Wakristo na Waislamu. Mwandishi aliyekuwa na kila sababu ya kumfungia mtoto mlango wa ulimwengu aliamua kumfungulia. Wahakiki hupenda kumgawa Comenius mara mbili, mwanafasihi kwa upande mmoja na mwanaelimu kwa upande mwingine. Mimi naona ni kazi moja iliyoandikwa mara mbili.

Hata hivyo tusimfanye malaika. Katika kitabu hichohicho watoto wanafundishwa kwamba mbingu zinaizunguka dunia iliyosimama katikati. Alikuwa amekishika mikononi muswada wa Copernicus na hakukubaliana nao. Sura ya pekee kuhusu bara ni ya Ulaya. Sisi wengine tumetajwa kwa jina na kuachwa. Tena alikuwa mwepesi wa kuamini watabiri, akachapisha utabiri wao, na wasomi wa zama zake walimcheka kwa hilo.

Kosa lililomgharimu zaidi lilikuwa la kisiasa. Uswidi ilipoivamia Poland mwaka 1655, yeye, mgeni aliyehifadhiwa Poland, aliandika sifa za mfalme wa Uswidi. Mwezi Aprili 1656 majeshi ya Poland yaliuchoma mji wa Leszno. Nyumba yake iliteketea na maktaba yake. Iliteketea pia ile kamusi ya Kicheki aliyoianza akiwa mwanafunzi, kazi ya zaidi ya miaka arobaini. Miswada mingine aliifidia au kuiandika upya. Kamusi hakuirudia; alikuwa na miaka sitini na minne. Yeyote kati yetu aliyewahi kukusanya vidahizo vya lugha yake, kadi baada ya kadi, atajua ni hasara ya namna gani.

Amsterdam ilimpokea, na mwaka 1657 maandishi yake yote ya elimu yalichapishwa huko. Alifariki tarehe 15 Novemba 1670 akazikwa Naarden, Uholanzi. Kazi yake kubwa ya mwisho, kuhusu kuyarekebisha mambo yote ya wanadamu, ilipotea hadi miaka ya 1930 ilipopatikana katika maktaba moja ya Halle, Ujerumani, na ikachapishwa kwa ukamilifu Prague mwaka 1966. Walimu wa Cheki na Slovakia husherehekea siku yao tarehe 28 Machi, siku aliyozaliwa.

Juma lililofuata lile la foromali nilichora jahazi ubaoni, vibaya kwa kweli, nikatia nambari kuanzia mlingoti hadi usukani. Nilikuwa bado sijamsoma Comenius; uchovu na aibu ndivyo vilivyonifundisha. Yule kijana wa nyuma akanyosha mkono tena. Safari hii alitaka kujua foromali huchongwa kutokana na mti gani, na kama mti huo huota kwao. Sikujua. Nilimwandikia barua rafiki yangu wa Lamu.