ASKOFU MKUU JANANI LUWUM, SHAHIDI WA IMANI

Katika jubilii yetu, tumkumbuke jirani yetu wa Uganda.

Janani Luwum alizaliwa Mucwini, karibu na Kitgum, mwaka wa 1922. Alikuwa mwalimu. Januari 1948 aliokoka, wakati wa uamsho ulioenea Afrika Mashariki. Akawa kasisi 1956, askofu 1969, na Askofu Mkuu 1974.

Huo ulikuwa utawala wa Idi Amin, na watu walikuwa wakitoweka. Februari 1977 askari waliipekua nyumba ya Luwum usiku. Hakunyamaza. Yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua, wakapinga mauaji na dhuluma. Tarehe 16 mwezi huo alishutumiwa hadharani jijini Kampala, kisha akauawa pamoja na mawaziri wawili. Serikali ilitangaza kuwa ni ajali ya gari, lakini mwili wake ulikuwa na majeraha ya risasi.

Alizikwa kwao Mucwini. Kaburi alilochimbiwa Namirembe, Kampala, likabaki tupu. Hata hivyo, Jumapili iliyofuata maelfu ya waumini walikusanyika Namirembe, wakasimama kando ya kaburi lile, wakaimba.

Wanakwaya wenzangu, sisi hapa Matiliku tunaimba bila kuogopa askari mlangoni. Wale waliimba wakijua hatari. Leo tunapoimba, tuwaombee ndugu zetu ambao hata sasa wanaabudu kwa kujificha. Na jirani anapoonewa, sauti hizi zisiishie kanisani.