Al-Khwarizmi na Fungu la Kila Mrithi

Kila anayesomea kompyuta hulitaja jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, ingawa wengi hawajui kwamba wanamtaja mtu. Neno algoritimu, ambalo maana yake ni kanuni ya kufanya hesabu hatua kwa hatua mpaka jibu lipatikane, si neno la mashine. Ni jina la Mwislamu huyu, lililopindwa na ndimi za Wazungu walipokuwa wakivifasiri vitabu vyake. Leo nataka kumweleza kwa wasomaji, kwani sisi wa Kwale tunahitaji kumfahamu kuliko tunavyodhani.

Alizaliwa yapata mwaka 780. Nisba yake yatupeleka Khwarizm, nchi iliyo kusini ya Bahari ya Aral, ambayo leo imegawanyika baina ya Uzbekistan na Turkmenistan. Lakini umaarufu wake aliupata Baghdad, katika enzi ya Khalifa al-Ma'mun aliyetawala tangu 813 hata 833. Khalifa huyo alipenda elimu, akakusanya wanavyuoni katika Bait al-Hikma, yaani Nyumba ya Hekima, na vitabu vya Wayunani na Wahindi vikafasiriwa kwa Kiarabu. Hapo ndipo al-Khwarizmi alipofanya kazi.

Mtu huyu hakuwa na fani moja. Alitunga majedwali ya kuhesabu mwendo wa jua, mwezi na sayari. Aliandika kitabu cha sura ya dunia, akataja mahali zaidi ya 2,400 pamoja na vipimo vyake. Tena aliandika juu ya tarakimu za Kihindi, zile kumi tunazozitumia dukani na shuleni, sifuri ikiwamo. Kitabu hicho cha tarakimu kwa Kiarabu kimepotea, tukabakiwa na tafsiri ya Kilatini. Ni katika Kilatini hicho jina lake lilipogeuka kuwa Algoritmi.

Lakini kitabu kilichomjengea jina ni kile cha al-jabr na al-muqabala, alichomtungia al-Ma'mun. Al-jabr ni kurudisha kilichopungua, kama mganga anavyounga mfupa. Al-muqabala ni kuweka pande mbili zikabiliane, na sisi Waswahili tungali na neno mkabala. Humo hamna alama za herufi kama zile za vitabu vya shule. Kila kitu kimeelezwa kwa maneno. Kisichojulikana akakiita kitu, na kitu kilichozidishwa kwa nafsi yake akakiita mali, neno lile lile tulilo nalo vinywani.

Milinganyo yote aliyoshughulika nayo aliigawa katika aina sita, na kila aina akaipa utaratibu wake. Ukishaijua aina ya swali lako, hubuni njia mpya. Unauita utaratibu wa aina hiyo, unaupa nambari zako, nao unakupa jibu. Wala hakutaka watu wamwamini bure. Kwa zile taratibu ngumu alichora miraba na kuonyesha kwa macho kwa nini hesabu inakuja hivyo.

Nusu nzima ya kitabu hicho, au karibu yake, inahusu wasia na mirathi. Chukua mfano mmoja wake. Mtu amekufa, ameacha wana wawili wa kiume, naye amemuusia mtu wa kando theluthi ya mali yake. Ameacha dirhamu 10 taslimu, na mwana mmoja alikuwa akidaiwa na babake dirhamu 10. Je, nani apate nini? Al-Khwarizmi alianza kwa kuliita kitu lile fungu la mwana mdaiwa, ambalo limo ndani ya deni lake. Mali basi ni 10 na kitu. Ukiondoa theluthi na kuigawa baki kwa wana wawili, fungu la mdaiwa lazima liwe kitu hicho hicho. Ukifuata hatua, kitu ni 5. Mali ni 15, theluthi yake ni 5, na kila mwana ana 5. Fedha zilizopo zitagawanywa sawa kati ya mtu wa kando na ndugu wa pili. Mdaiwa hapewi kitu mkononi, kwani fungu lake analo tayari.

Al-Khwarizmi alifariki yapata mwaka 850. Mwaka 1145 Mwingereza aitwaye Robert wa Chester alikifasiri kitabu cha al-jabr kwa Kilatini huko Uhispania, na kutoka hapo elimu hiyo ikaenea Ulaya. Karne nyingi baadaye wenye kompyuta waliufuata mtindo huo huo wa kanuni yenye jina, inayopokea nambari na kurudisha jibu.

Katika kazi yangu ya kutunza kumbukumbu ndani ya kompyuta, katika kile kinachoitwa hifadhidata, nauona mtindo huo kila siku. Kanuni inayorudisha jibu huitwa funksheni. Kanuni inayotenda kazi, kama vile kuandika mafungu ya warithi katika daftari la mashine, huitwa prosija. Zinazohusiana hufungwa pamoja katika kifurushi kimoja. Kifurushi kina sehemu mbili. Ya nje hutangaza majina ya kanuni na kile kinachotakiwa, na ya ndani ina hatua zenyewe. Karani aweza kuruhusiwa kuita kanuni bila ya kuruhusiwa kuzigusa kumbukumbu.

Faida yake ni nini? Tuseme ofisi ina makarani sita, na kila mmoja amejiandikia hesabu yake ya mirathi. Mmoja akatoa wasia kabla ya madeni, mwingine akasahau kwamba wasia hauvuki theluthi. Jamaa sita watapata majibu sita, na mjane atadhulumiwa ingawa hakuna mwizi. Lakini ikiwa hatua zote, tangu gharama za maziko, madeni, wasia hata mafungu, zimefungwa mahali pamoja, kosa likionekana hurekebishwa mara moja na kila aitaye hupata lililo sahihi. Madhara nayo ni hayo hayo. Kosa lililofichika ndani ya kifurushi humfikia kila mtu. Ndiyo maana ile michoro ya al-Khwarizmi ina thamani mpaka leo. Kanuni iliyofungwa lazima iweze kufunguliwa, ijaribiwe kwa mifano, na ikaguliwe na mjuzi wa faraidhi kabla ya kuaminiwa.

Huku Kwale jambo hili si la vitabuni tu. Wadigo wa zamani walirithiana upande wa mama, mpwa akimrithi mjomba wake. Uislamu ulipoenea, mila na sheria zikakutana katika shamba moja. Hapa Samburu, mali ikiwa ni mifugo na ardhi kavu, nimeona ndugu wakivunja udugu kwa ekari chache, na hesabu yenyewe ingaliweza kwisha kwa dakika tano. Mtu akiacha ekari 16, mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu, wala hana deni, wasia, wala wazazi walio hai, mke ana thumni, yaani ekari 2. Zilizobaki 14 ni za watoto, mwana wa kiume akipata maradufu ya binti. Kila mwana atapata 4 na kila binti 2.

Binadamu afanye hesabu hiyo, au mashine ifanye, jibu ni lile lile, maadamu orodha ya warithi ni kamili. Binti aliyeolewa mbali akiachwa nje ya orodha, kanuni haitamwuliza mtu aliko. Itagawa kwa uaminifu mkubwa kile ilichopewa, na dhuluma itatoka imeandikwa vizuri. Al-Khwarizmi alitupa njia ya kugawa. Kusema kweli juu ya nani ni mrithi na nani anadai, hilo limebaki juu ya ndimi zetu.