Habari za Eleni, Malkia wa Uhabeshi

Habari za Sara, Hana na Ruthu twazijua tangu tulipokuwa katika mafundisho ya ubatizo. Mwezi huu twapenda kuwasimulia habari za mwanamke ambaye jina lake halimo katika Maandiko Matakatifu, lakini mambo yaliyompata yanafanana sana na yaliyowapata hao watatu. Ni Eleni, malkia wa Uhabeshi, nchi ambayo leo yaitwa Ethiopia. Aliolewa ugenini, hakupata mtoto, akawa mjane. Hata hivyo alikaa katika nyumba ya kifalme siku za wafalme sita, na katika uzee wake aliishika nchi yote kwa ajili ya mtoto asiyekuwa wa tumbo lake.

Hatukumchagua bure. Wazee wa sharika zetu, kutoka Dodoma hata Singida na Iramba, wanajua ni mashauri gani yanayoletwa mbele yao mara kwa mara. Mume asema mkewe hazai, ataka kumrudisha kwao au kuongeza mke wa pili. Au mume amekufa, na ndugu zake wanagawana ng'ombe kana kwamba mjane hayupo nyumbani. Waalimu wa vijijini hutuuliza watoe mfano gani katika mashauri hayo. Basi na wausikie huu.

Mtu akisimama juu ya ukingo wa Kilimatinde na kutazama mbuga ya Bahi chini yake, auona ukingo wa Bonde la Ufa. Ufa huo waenda kaskazini, wapita nchi ya Kenya, wafika hata Uhabeshi. Huko, karibu na maziwa yaliyo katika bonde hilo, ilikuwako nchi ya Hadiya. Watu wake walikuwa wakulima na wafugaji, tena walisifiwa kwa wapanda farasi wao. Watawala wao walikuwa Waislamu, na cheo chao kiliitwa garadi. Walikuwa chini ya mfalme wa Kikristo wa Uhabeshi, wakamlipa kodi kila mwaka, wala hawakuipenda kodi hiyo.

Garadi mmoja aliitwa Mehmad, na binti yake ndiye huyu Eleni. Alitolewa aolewe na mfalme Zara Yaqob, aliyetawala tangu mwaka 1434 hata 1468. Maana ya jina la mfalme ni Uzao wa Yakobo. Ndoa hiyo haikuwa ya mapenzi, ilikuwa ya amani: nchi mbili ziliunganishwa kwa mwili wa msichana mmoja. Akabatizwa, na jina lake likawa Eleni, yaani Helena, jina la mama yake Kaisari Konstantino. Nalo lilifaa, kwa kuwa Zara Yaqob mwenyewe alipotiwa taji alijiita Konstantino.

Hakuwa mke wa peke yake. Wafalme wa Uhabeshi wakati ule walikuwa na malkia wa kuume na malkia wa kushoto, na wanawake wengine tena, ijapokuwa kanisa lao lilifundisha vingine. Hatulisifu jambo hilo, wala hatulifichi.

Zara Yaqob alikuwa mfalme mwenye nguvu na mwenye elimu. Aliandika vitabu vya dini, akajenga makanisa, akapatanisha watawa waliogombana juu ya Sabato mwaka 1450. Mwaka 1445 alimshinda Badlay, sultani wa Adal, upande wa mashariki. Lakini alikuwa mkali kupita kiasi. Aliwashuku watu wa nyumbani mwake kwamba waabudu sanamu, na wana na binti zake wengine walipigwa kwa amri yake, wengine wakafa.

Wala taabu haikukaa mbali na ukoo wa Eleni. Mahiko, mwana wa Mehmad, alipokuwa garadi alikataa kulipa kodi, akainua vita. Baba yake mdogo, jina lake Bamo, akabaki upande wa mfalme. Mahiko akakimbia kuelekea Adal, akafuatwa, akauawa, na Bamo akapewa nchi. Basi fikirini hali ya malkia siku zile. Mume wake ndiye aliyetuma majeshi, na aliyeuawa ni mtu wa nyumba ya baba yake. Wanawake wengi wa nchi yetu, walioolewa katika kabila jingine kabla vita vya ng'ombe havijakoma, waliyaonja machungu ya namna hiyo. Eleni hakurudi Hadiya, wala hatusikii kwamba mfalme alimwondoa.

Mwaka 1462 lilitokea jambo baya kuliko yote. Mke mwingine wa mfalme, Tsion Mogasa, alishtakiwa kwamba afanya shauri la kumtawaza mwanawe, Baeda Maryam, kabla baba hajafa. Mfalme akaamuru apigwe, naye akafa kwa mapigo hayo, akazikwa kwa siri. Kijana alipopata habari alipeleka ubani kanisani kwa ajili ya mama yake. Baba akakasirika, akamtesa yeye naye, mpaka watawa walipoingia kati kuwapatanisha.

Baeda Maryam akarithi ufalme mwaka 1468. Alikuwa mfalme, lakini alikuwa yatima wa mama, na mama huyo aliuawa kwa neno la baba. Na Eleni alikuwa mjane asiye na mtoto. Kwa desturi za ulimwengu angaliweza kumwacha akae pembeni, mzee mmoja miongoni mwa wajane wengi wa baba yake. Yeye alimweka mahali pa mama yake mzazi, akampa cheo cha mama wa mfalme, akampenda hata mwisho. Hivi ndivyo Eleni alivyopata mwana, si kwa kuzaa, ila kwa kutwaliwa na mwana.

Mwandishi wa habari za mfalme huyo ameeleza sababu za heshima ile. Amsifu malkia kwa haki na imani, kwa sala na kushiriki Meza ya Bwana. Kisha amsifu kwa kupanga chakula cha karamu za kifalme, kwa kuvijua vitabu, kwa kuijua sheria na kuyafahamu mashauri ya serikali. Hapo twapenda kutua kidogo. Mwandishi yule, mtu wa kanisa wa zama za kale, hakuona tabu kutaja jiko na sheria katika pumzi moja. Sisi nasi tunao wanawake katika sharika zetu wanaopika chakula cha mkutano wa watu mia tatu pasipo kupungua hata bakuli moja, lakini shauri likianza huambiwa watoke nje. Wareno waliofika baadaye waliambiwa kwamba malkia huyu aliandika hata vitabu viwili vya mambo ya imani.

Baeda Maryam alikufa mwaka 1478. Akafuata mwanawe Eskender, naye alikuwa mtoto mdogo bado. Wakuu na watawa wakashindana juu ya nani amshike mkono, na Eleni akawa mmoja wa wale waliosikiwa barazani. Eskender aliuawa vitani mwaka 1494. Mtoto wake akatawala miezi sita, akafa. Ndipo akaja Naod, mwana mwingine wa Baeda Maryam, aliyekufa mwaka 1508. Twapita upesi hapa, kwa kuwa ni vita na mazishi tu.

Sasa mrithi alikuwa Lebna Dengel, mtoto wa miaka kama kumi na miwili. Eleni na askofu mkuu, Abuna Marqos, ndio waliofanya shauri la kumtawaza, kwa kuwa wakuu wa nchi walikuwa mikononi mwao. Bibi mzee akatawala kwa ajili ya kijana. Hali ya nchi haikuwa njema. Mahfuz, amiri wa Zeila, alikuwa akishambulia kila mwaka wakati wa Kwaresima, maana alijua Wakristo wamedhoofika kwa kufunga. Tena nguvu ya Waturuki ilikuwa ikikua upande wa kaskazini. Uhabeshi ulikuwa na nafaka na askari, lakini haukuwa na merikebu hata moja.

Kama mwaka 1509 Eleni alituma barua kwa Manuel, mfalme wa Wareno. Mjumbe wake alikuwa mfanya biashara Mwarmenia, jina lake Mateo. Alipeleka kipande cha mti uliosemwa kuwa ni wa msalaba wa Bwana, na shauri hili: Wareno walete merikebu, Wahabeshi watoe chakula na majeshi, tena watoto wa nyumba hizi mbili za kifalme waoane. Aliyetolewa mwenyewe kuwa kifungo cha amani alijua kazi ya ndoa ya namna hiyo.

Msomaji wa pwani atashangaa hapa. Wareno hao ndio waliopiga Kilwa na kuiteketeza Mombasa mwaka 1505, miaka minne tu kabla ya barua hiyo. Huko Kilwa msalaba wao uliletwa na mizinga. Eleni aliwajua kwa upande mwingine, kwa kuwa Mreno mmoja, Pero da Covilhã, alikuwa amekaa Uhabeshi tangu siku za Eskender, na hakuruhusiwa kuondoka tena. Sisi hatuwezi kusema kwamba Wareno walikuwa marafiki wa Afrika. Lakini twaona kwamba malkia hakuomba bwana wa kumtawala. Aliomba mwenzi wa vita, akaeleza yeye atatoa nini na mwenzake atoe nini, kama watu wawili wenye haki sawa wapatanavyo.

Mateo alipata taabu nyingi. Alifika Goa mwaka 1512, na wengine wakasema ni mpelelezi. Katika safari ya kwenda Ureno manahodha walimtia minyororo. Mfalme Manuel alimpokea kwa heshima mwaka 1514, akaamuru manahodha wale waadhibiwe. Safari ya kurudi ikawa ndefu vilevile: balozi wa Kireno aliyefuatana naye alifia njiani katika Bahari ya Shamu mwaka 1517, na Mateo mwenyewe aliona pwani ya Massawa mwezi wa Aprili 1520, akafa mwezi uliofuata, kabla hajafika kwa yule aliyemtuma. Miaka kumi na zaidi kwa barua moja!

Wakati huo Lebna Dengel alikuwa mtu mzima. Alikuwa amempiga na kumwua Mahfuz, akajiona ana nguvu za kutosha. Wageni wa Kireno, pamoja na kasisi wao Francisco Alvares, aliwaweka wakingoje, akawauliza maswali mengi, wala shauri la bibi yake hakulishika kwa bidii. Alvares asimulia pia kwamba binti mwingine wa mtawala wa Hadiya aliletwa aolewe na mfalme huyu. Mfalme alipomwona hakupendezwa na meno yake ya mbele, yalikuwa makubwa. Akambatiza, akamwoza kwa mkuu mmoja, maana kumrudisha kwa baba yake hakukuwezekana. Nchi ni ile ile ya Hadiya, na desturi ni ile ile ya kutoa binti. Mmoja akawa mama wa wafalme, na mwenzake jina lake halikuandikwa hata na yule aliyeandika habari za meno yake.

Eleni alikufa kama mwaka 1522, Wareno wakiwamo nchini. Alvares aliona maombolezo. Watu wakubwa kwa wadogo walisema wamefiwa na baba na mama kwa siku moja. Huko Gojjam, nchi aliyopewa imletee mapato, aliacha kanisa alilolijenga, liitwalo Martula Maryam.

Mwaka huo wa 1522 ndio mwaka ambao Martin Luther alitoa Agano Jipya kwa Kijerumani, na habari za Uhabeshi zilimfikia hata yeye. Damião de Góis, Mreno aliyechapisha habari za ubalozi wa Mateo mwaka 1532, alikuwa amemtembelea huko Wittenberg mwaka 1531. Na mwaka 1534 shemasi Mhabeshi aitwaye Mikaeli alifika Wittenberg, akazungumza na Luther juu ya imani na juu ya Meza ya Bwana, akaondoka na barua ya Luther ya kumpendekeza kwa Wakristo wengine. Hii ilikuwa zaidi ya miaka mia tatu kabla Mlutheri wa kwanza hajakanyaga nchi zetu hizi za bara.

Lakini kwao Uhabeshi saa mbaya ilikuwa imefika. Mwaka 1529 Imamu Ahmad wa Adal, ambaye Wahabeshi walimwita Gragn, aliyashinda majeshi ya Lebna Dengel, na kwa miaka mingi makanisa yakachomwa moto. Mfalme akawa mkimbizi katika milima yake mwenyewe, akatuma kuomba msaada ule ule ambao bibi yake aliuomba alipokuwa mtoto. Akafa mwaka 1540 pasipo kuuona.

Mwaka 1541 Wareno 400 walitua Massawa, wakiongozwa na Cristóvão da Gama, mwana wa Vasco da Gama. Mjane wa Lebna Dengel, malkia Sabla Wangel, ambaye jina lake maana yake ni Mavuno ya Injili, alikuwa amejificha juu ya mlima wa Debre Damo, ambao mtu haupandi ila kwa kamba. Aliteremshwa kwa kamba hiyo, akaenda kuwalaki, akafuatana na jeshi lao katika vita. Cristóvão aliuawa mwaka 1542. Mwaka 1543, huko Wayna Daga, mwana wa Sabla Wangel, mfalme Galawdewos, pamoja na Wareno waliosalia, walimshinda Imamu Ahmad, naye akafa siku hiyo.